Tangi juu, pampu ya pumzi au pampu ya umeme? Njia tatu za kufikisha petroli kwenye kabureta ya kipikipiki

Kijana mmoja wa Goba alinijia Jumamosi na kipikipiki chake nyuma ya kirikuu, mkononi kashika mfuko wa kaki. Ndani ya mfuko kulikuwa na pampu ya petroli ya gari, bado ina vumbi la dukani.

"Shikamoo kaka. Hiki kinanizimia mlimani. Nimeambiwa nifunge pampu. Hii itakubali?"

"Marahaba. Tangi umelifunga wapi?"

"Chini ya kiti."

"Na mfuniko wake unapumua?"

Akanitazama kama nimemuuliza mahari ya dada yake.

Swali la ninunue pampu gani huwa linawahi kabla ya zamu yake. Pampu inatibu ugonjwa mmoja tu: petroli imekaa chini kuliko kabureta. Kama petroli iko juu na injini bado inazima, ugonjwa ni mwingine, na pampu itaufunika kwa wiki mbili halafu ikuletee wa kwake. Nimeshaunda vipikipiki vitatu, yaani pikipiki ndogo za kujiundia kwa injini ya mashine, kila kimoja na njia yake ya mafuta, na kwenye kila njia nimewahi kusukuma hadi nyumbani. Kwa hiyo ninachoandika hapa kina jasho ndani yake.

Tukubaliane kwanza tunaongelea injini gani. Ni Honda GX200 na nakala zake za Kichina, zile zinazofanana nayo kama pacha. Hapa Dar hatuzinunui kama injini za pikipiki. Tunazitoa kwenye pampu za maji na vaibreta za zege, au tunazikuta Kariakoo na Gerezani zimepangwa nje ya duka. Kidokezo cha bure: ukichukua ya pampu ya maji, tazama shafti kabla ya kutoa hela. Nyingi zina nyuzi za kufungia pampu, wakati klachi inataka shafti iliyonyooka yenye mfereji wa ufunguo.

Injini inakunywa kiasi gani

Hapa ndipo wengi wanapotishika bure. GX200 ina sentimita za ujazo 196. Ikifanya kazi mfululizo kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, ambayo ndiyo takriban kasi inayoruhusiwa na gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini, inakunywa kama lita 1.7 kwa saa. Gawanya kwa 60 unapata mililita 28 kwa dakika. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani. Bomba la petroli lenye tundu la milimita tano linaweza kutoa mara kadhaa ya hizo bila kusukumwa na mtu.

Ukifunga kabureta kubwa ya bodaboda na kuongeza nguvu, kiwango kinapanda, lakini hakipandi hadi kuhitaji pampu ya gari. Na hao wanaong'oa gavana ili injini ilie zaidi, wajue gurudumu zito la injini lililo nyuma ya kamba ya kuwashia, lile la chuma cha kumimina, halikutengenezwa kwa kasi hizo. Likipasuka linaruka vipande, na vipande hivyo viko usawa wa paja lako.

Njia ya kwanza: petroli ishuke yenyewe

Injini inatoka kiwandani na tangi lake mgongoni, la lita 3.1. Hakuna pampu popote. Petroli inashuka kwa uzito wake, inapita koki, inaingia kwenye kikombe cha kabureta, floti inaelea na kusukuma sindano ifunge. Tangi likiwa sentimita 30 juu ya kabureta, msukumo wake ni kama bar 0.02 tu. Hiyo sindano na floti vimepimwa kwa msukumo mdogo hivyo. Ishike namba hii, tutairudia kwenye pampu.

Kwa nini basi watu wanaling'oa tangi la kiwandani? Kiti. Injini pamoja na tangi ina kimo cha karibu sentimita 35, na fremu ya kipikipiki iko chini. Ukiacha tangi mahali pake, kiti kinapanda na wewe unakaa kama uko juu ya ngamia. Wengine wanaling'oa kwa sababu ya sura tu, wanataka tangi refu mbele kama la bodaboda. Siwalaumu, mimi mmoja wao.

Ukilihamishia kwenye bomba la juu la fremu, mbele ya kiti, bado uko kwenye njia ya kwanza. Ninachotaka mimi ni shibiri moja kati ya mdomo wa chini wa tangi na mahali petroli inapoingilia kabureta. Nusu shibiri inakubali kwenye tambarare. Chini ya hapo, unajiingiza kwenye kubahatisha. Na pima ukitumia mdomo wa chini wa tangi, maana tangi likiwa limejaa kila kitu kinaonekana sawa. Ukweli unaujua likibaki robo.

Sasa makosa, ambayo ni mengi kwa njia iliyo rahisi hivi.

La kwanza ni mfuniko. Kipikipiki changu cha kwanza nilikipeleka Kigamboni kukijaribu kwenye mchanga. Kikawa kinakimbia kama dakika kumi, kinaanza kumisi, kinazima. Nakaa, nakunywa maji, navuta kamba, kinawaka kana kwamba hakijafanya kosa. Mara tatu hivyo. Nilifungua kabureta palepale, nikapuliza jeti, katundu ka kupitishia petroli, kwa mdomo, nikala mchanga. Rafiki yangu, ambaye kazi yake ni kushona nguo na hana habari na injini, akasema tuangalie kama mafuta yapo. Akazungusha mfuniko wa tangi, tukasikia *fyuuu*. Hewa iliingia kwa kiu. Nilikuwa nimebadili mfuniko kwa ajili ya urembo, na mpya haukuwa na tundu. Petroli ilikuwa inatoka bila hewa kuingia kushika nafasi yake, mpaka inagoma. Nikikaa kupumzika, hewa inajipenyeza polepole. Tangu siku hiyo mfuniko ndio kitu cha kwanza kukigusa. Ukitoboa tundu, weka kamrija ka kupumulia kanakoelekea chini mbali na ekzosi, usije ukaruka tuta ukaoga petroli.

La pili ni ule mpira mweupe wa levo, wanaoutumia mafundi ujenzi kupimia usawa. Kila mtu anaupenda kwa kuwa unaona petroli ikipita. Mwezi wa kwanza unapendeza. Baadaye unakuwa wa njano, unakakamaa kama mfupa, unateleza kwenye mdomo wa koki au unapasuka pale klipu inapobana. Petroli inadondoka, na chini yake kuna ekzosi. Nunua mpira mweusi wa petroli. Tofauti ya bei haifikii nauli ya bajaji kwenda hospitali.

La tatu ni chujio. Wauzaji wanakupa kubwa la karatasi la gari, ukidhani ukubwa ndio ubora. Chujio lile limezoea petroli inayosukumwa na pampu. Kwa petroli inayoshuka yenyewe, linabana, na hewa inajikusanya juu yake. Chukua lile dogo la wavu la bodaboda.

La nne, mpira unaopanda. Kutoka koki hadi kabureta uwe unashuka tu. Ukiupitisha juu kisha chini, unatengeneza kilima ambapo hewa na mvuke vinakaa. Petroli huanza kuchemka kwenye joto la karibu sentigredi 35 hadi 40, na Januari mjini hapa, kivulini tu tumeshakaribia, sembuse sentimita tano kutoka kwenye silinda.

Udhaifu wa kweli wa njia hii, ukishafuta makosa hayo, ni usiku. Ukisahau kufunga koki na sindano ya floti ikawa na kapunje ka uchafu, petroli inashuka taratibu mpaka asubuhi. Ikikosa pa kumwagikia nje inaingia kwenye silinda, inapita pembeni ya pistoni, inakwenda kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinukia petroli na imepanda kuliko ulivyoiacha, usivute kamba. Mwaga, weka mpya, kisha shughulika na sindano. Koki yenye kufunga sawasawa ni lazima, siyo pambo.

Njia ya pili: pampu ya pumzi

Jina hilo nimelitunga mimi. Ni pampu ndogo isiyo na waya, na ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye orodha hii, ingawa si ninachokishauri mara nyingi.

Pistoni ikishuka inasukuma hewa ndani ya tumbo la injini, ikipanda inaivuta. Kwa mizunguko 3,600, hiyo ni mara 60 kwa sekunde. Ukitoa kamrija kutoka humo hadi kwenye pampu, pumzi hizo zinatikisa dayaframu, ngozi nyembamba, huku na huku. Upande wa pili wa ngozi kuna petroli na vali mbili ndogo: moja inaruhusu kuingia, nyingine kutoka. Basi. Injini ikizunguka, petroli inapanda. Injini ikizima, petroli inasimama yenyewe. Hakuna betri, hakuna swichi ya kusahau. Ukianguka na injini ikazima, mafuta nayo yanakata. Kwa kipikipiki cha mtoto hiyo pekee ni sababu nzito.

Nje huko wanaokimbiza gari ndogo za mashindano wanazitumia sana, na Mikuni ya Japani ni jina linalojulikana. Dar hazijajaa madukani, ila watu wanapita karibu nazo kila siku bila kujua. Mashine za boti za Yamaha za kuchanganya oili na petroli, zile za wavuvi pale Feri, zinavuta petroli kwa pampu ya namna hiyohiyo, ndiyo maana galoni lao linakaa sakafuni mwa boti. Fundi wa mashine za boti atakuelewa haraka kuliko fundi wa bodaboda, na dayaframu za akiba ataziuza yeye.

Pumzi unaweza kuitoa sehemu mbili. Ya kwanza ni tumbo la injini, au kava la tapeti lililounganika nalo. Ya pili ni manifodi, kati ya kabureta na kichwa cha injini. Tofauti unaiona siku ngozi inapotoboka. Kama ulitoa tumboni, petroli inaingia kwenye oili, kimyakimya, na unagundua injini ikishaanza kulia vibaya. Kama ulitoa kwenye manifodi, petroli inavutwa moja kwa moja kwenda kuungua: moshi mweusi, plagi nyeusi, injini inakosa pumzi. Inaudhi, lakini inakwambia mapema. Mimi natoa kwenye manifodi kwa sababu hiyo. Ubaya wake, shimo likivuja hewa kidogo tu, injini haitatulia ukiiacha ingurume polepole.

Kamrija ka pumzi kawe kafupi na kagumu. Mpira laini unameza pumzi, unatanuka badala ya kuipeleka. Shibiri moja na nusu kwangu ndiyo mwisho. Kama umetoa tumboni, pampu ikae juu ya tundu la pumzi ili oili inayopanda ishuke tena.

Sasa rudia ile namba. Petroli inayoshuka yenyewe ilikuwa bar 0.02. Pampu ya namna hii inaweza kufika karibu bar 0.2, mara kumi zaidi. Sindano ya kabureta ya kiwandani inaweza kushindwa, kabureta ikaanza kumwaga. Dawa ni kiungo cha umbo la T: baada ya pampu mpira ugawanyike, tawi moja liende kabureta, jingine lirudi tangini kupitia tundu jembamba. Petroli ya ziada inarudi nyumbani na sindano inapumzika. Jeti chakavu ya kabureta iliyokandamizwa ndani ya mpira inafanya kazi hiyo vizuri.

Kero yake ni asubuhi. Pampu kavu haina cha kusukuma, unavuta kamba mara kumi na tano, bega linakataa. Ile balbu ya raba ya mkono ya mashine ya boti, unayoiminya kabla ya kuwasha, inamaliza kero hiyo. Funga moja kwenye mpira, kati ya tangi na pampu.

Njia ya tatu: pampu ya umeme

Nitakuwa mfupi, maana sina mengi mazuri ya kusema.

Injini ya kuvuta kamba inajitengenezea cheche yake na kwa kawaida haina chaji. Pampu ya umeme inataka volti 12 na kama ampea moja. Betri ya 7Ah (ampea moja kwa saa saba) kwa hesabu ya karatasini inakupa saa saba, kwa maisha halisi pungufu. Kisha unaichomoa, unaipeleka chaji. Kama injini yako ni ya kuwashia swichi na ina koili ya chaji, mazungumzo yanabadilika, na kama una taa na honi juu yake, hapo pampu ya umeme inaingia kwenye familia bila ugomvi.

Lakini lazima iwe ya msukumo mdogo, ya magari ya zamani ya kabureta. Hapo ndipo nilipoumia. Niliuziwa pampu nikaambiwa "ni ya petroli, bosi, petroli ni petroli". Ilikuwa ya injini isiyo na kabureta, ambayo msukumo wake ni karibu bar 3, zaidi ya mara mia ya ile ya tangi la juu. Nilipowasha swichi, kabla hata ya kugusa kamba, petroli ilitoka kwenye tundu la kupumulia la kabureta kama bomba la maji la DAWASA lililopasuka. Kwa bahati hakukuwa na moto karibu.

Na tofauti na pampu ya pumzi, hii haijui kama umeanguka. Injini imezima, wewe uko mtaroni, pampu inaendelea *tak-tak-tak*. Ukiifunga, umeme wake upite swichi ileile inayozima injini, na kamba ya usalama ya kuvaa mkononi usiione kama ushamba.

Ninachoikubalia: tangi likiwa mbali na chini sana, mfano chini ya sakafu ya kigari cha magurudumu manne, pampu ya umeme inajaza mpira mara moja na asubuhi injini inawaka kwa mvuto wa pili. Hakuna njia nyingine inayoifikia kwa hilo.

Tangi lako liko wapi na unaendea wapi

Ningekuwa naanza upya na kipikipiki cha kuchezea Kigamboni au uwanja wa mtaani, ningeweka tangi juu ya bomba la fremu na koki ya bodaboda, ile yenye akiba, nikalala usingizi. Barabarani sikiingizi, hakina namba. Fundi yeyote kutoka Mbagala hadi Bunju atalielewa tangi la namna hiyo hata kama hajui Honda ni nini.

Kama mchoro wako unakataa, kiti kiko chini na tangi halina pa kwenda ila nyuma au chini, chukua pampu ya pumzi na ununue ngozi ya akiba siku hiyohiyo. Umeme uache kwa mwenye chaji.

Mlima ndio unaochanganya watu, kwa hiyo turudi kwa kijana wa Goba. Kabla ya kugusa pampu yake nilifungua skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta na kukinga kwa chupa ya maji ya nusu lita, koki ikiwa wazi, dakika moja kwenye saa ya simu. Napima hapo badala ya kuchomoa mpira, kwa sababu petroli inakuwa imeshapita kila kitu, hadi sindano. Nataka angalau mililita 60, mara mbili ya inachokunywa injini. Kwenye sakafu tambarare tulipata karibu 90. Mfuniko ulikuwa unapumua vizuri tu, nilimshuku bure.

Tukaingiza tofali moja la inchi sita chini ya tairi la mbele. Tofali lile lina kimo cha sentimita 23, na kwa urefu wa kipikipiki chake huo ni mlima wa nyuzi kama 14, wa kawaida kabisa kwa Goba. Tukakinga tena. Mkondo ukawa uzi, uzi ukawa matone, kisha kimya. Tangi lilikuwa chini ya kiti, sentimita 30 nyuma ya kabureta na vidole vinne tu juu yake. Kipikipiki kikiinua pua, tangi linashuka karibu sentimita saba na vidole vinne vinakuwa vimekwisha.

Nikachomoa pia waya wa kihisi cha oili, maana injini hizi zikiinama sana au zikirukaruka kihisi hudhani oili imekwisha na kuzima cheche, na mtu anahangaika na mafuta yasiyo na kosa. Ukiuchomoa waya huo, kupima oili kila safari ni juu yako. Kwake haikuwa hiyo. Ilikuwa tangi.

"Kwa hiyo nalihamishia mbele?"

"Mbele, juu ya bomba. Shibiri moja."

"Na hii?" Akatoa pampu kwenye mfuko. Niliigeuza nikasoma kibandiko: bar 3.

"Duka watairudisha?"

"Una risiti?"

Akaanza kupekua mifuko ya suruali.